Nyoka wa Mchangani na Swali Nililolifukia

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, vinavyotembea juu ya ardhi na vinavyojificha ndani yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka siku ya malipo. Amma baad.



Mhariri wa jarida letu aliniomba niandike kuhusu kutafakari maumbile ya Mwenyezi Mungu. Mada nilikuwa nayo tayari. Niliitolea darsa muhula uliopita baina ya Maghrib na Isha, na wengi wenu mlikuwepo. Lakini siwezi kuiandika kama nilivyoisema, kwa sababu niliisema vibaya, na mliokuwepo mnakumbuka ilivyoishia. Basi yachukueni haya kuwa ni darsa ileile inarudiwa, na ndani yake mna mtu anaomba radhi.

Siku ile nilichagua nyoka. Kwa nini nyoka? Mimi ni mtoto wa Buyenzi, Bujumbura, na nyumbani kwetu bibi hakuruhusu neno hilo litajwe usiku. Alisema tuseme “kamba”. Nilipoanza masomo ya dini nikaona Qur'ani inamtaja bila kumwogopa, nikasema ngoja niwachekeshe ndugu zangu kwa bibi yangu, kisha niwaonyeshe ajabu za Muumba. Usiku wa kuamkia darsa nikasoma kurasa chache kuhusu kipiri mwenye pembe wa majangwa ya Sahara na Arabuni. Kurasa chache, jamani. Nikasimama mbele ya watu kwa ujasiri wa mtu aliyekaa na kitu miaka.

Nikasema: nyoka huyu ana pembe mbili juu ya macho, na pembe hizo zimewekwa ili mchanga usimwingie machoni, na jambo hili wataalamu wote wamelikiri. Nikasema pia kwamba nyoka ni kiziwi, hasikii kitu. Nikamaliza kwa kusema hakuna kiungo hata kimoja cha kiumbe huyu ambacho hatujui kazi yake.

Rafiki yangu mmoja, mwanafunzi wa baiolojia, alikuwa amekaa safu ya nne. Akanyoosha mkono. “Shehe, katika aina hiyohiyo wapo wanaozaliwa bila pembe. Wanaishi mchanga uleule, na wanaona vizuri tu. Na ndugu yake mdogo, kipiri wa mchanga wa Sahara, hana pembe kabisa. Sasa hao macho yao yanalindwa na nini?”

Watu wakacheka kidogo. Uso wangu ukapata moto. Ningeweza kusema neno moja tu, sijui, na darsa ikaendelea. Badala yake nikasema: “Maswali mengine, ndugu zangu, huletwa na shetani.” Adhana ya Isha ikaniokoa. Yeye akaswali nasi, akavaa viatu, akaenda zake. Hakurudi kwenye darsa. Baada ya wiki tatu hivi nikagundua harudi hata kwenye swala ya jamaa.

Kwanza nimpe nyoka haki yake, kwa sababu yeye hakukosa kitu.

Mchana wa kiangazi, uso wa mchanga wa jangwani unaweza kupita nyuzijoto 60. Nyoka hana jasho la kumpoza, na joto la mwili wake hufuata joto la mahali alipo. Akilazwa juu ya mchanga ule mchana atakufa upesi. Lakini ukichimba kiasi cha mkono mmoja tu, hali inabadilika: joto linashuka sana, na mabadiliko makubwa ya mchana na usiku hayafiki pale kwa ukali wa juu. Kwa hiyo kwake chini ya mchanga ndiko nyumbani na juu ndiko safarini. Majira ya joto hutoka usiku.

Anaingiaje? Hapa nilipita haraka siku ile, na hapa ndipo penye utamu. Kipiri mwenye pembe hachimbi kwa kichwa. Anazama palepale alipolala, kama dau linaloingia maji likiwa kwenye nanga. Ubavuni ana safu za magamba yaliyolala mshazari, na kila gamba lina ukingo katikati wenye meno madogo kama ya msumeno. Anautandaza mwili, anautikisa ubavu huu kisha ule, na magamba yale yanausukuma mchanga nje na juu, mpaka unamwangukia mgongoni. Baada ya muda mfupi kinachobaki juu ni macho na ncha ya pua, na hivyo navyo ni rangi ya mchanga. Magamba hayohayo, akikasirika, anajikunja na kuyasugua yenyewe kwa yenyewe, yanatoa mkwaruzo kama msumeno kwenye ubao mkavu. Nyoka wengine hupuliza pumzi kuonya. Yeye anaweza kuonya kwa ngozi, na pumzi yenye unyevu akabaki nayo. Sisemi ndiyo sababu aliumbwa hivyo. Nimeshajifunza. Nasema tu kwamba jangwani kila tone ni mali.

Na maji hayo anayapata wapi? Sehemu kubwa ni katika mwili wa anachokula, panya au mjusi. Taka ya mwili wake haiitoi kwa mkojo mwingi kama sisi. Hutoka nzito, nyeupe kama chokaa iliyokorogwa. Tena anaweza kukaa wiki nyingi bila kula.

Mwendo wake pia una habari. Mchanga mlegevu hauna mahali pa kushikilia, basi anakwenda kwa ubavu: ananyanyua sehemu ya mwili, anaitua mbele, kisha anainyanyua nyingine, na kila wakati ni sehemu chache tu za mwili zinazogusa chini. Anachoacha nyuma ni mistari ya mshazari iliyotengana, utadhani mtu kaandika harufi moja mara nyingi. Waarabu wa majangwani wamempa jina la utani linalotokana na ubavu huo, Umm Junayb.

Yuko mwingine ambaye ningependa mumjue, maana huyu ndiye mchimbaji hasa. Anaishi katika mchanga wa Oman, Imarati, Saudia na nchi za jirani zao. Hana sumu. Ni wa ukoo wa nyoka wanaobana mawindo kwa kujizungusha, ila ni mfupi. Wengi hawafiki nusu mita. Macho yake yamewekwa juu kabisa ya kichwa, hata ukimtazama usoni utacheka, anafanana na mchoro wa mtoto. Lakini fikiria: mwili wote uko chini, kichwa kimeinuka kiasi cha unene wa kucha, na tayari anaona nje. Ncha ya mdomo wake imechongoka kama sepetu, na taya la chini limejificha ndani ya la juu, ili anapousukuma mchanga usimwingie kinywani. Magamba yake ni madogo na laini, si ya msumeno kama ya yule wa kwanza, kwa sababu yeye anapenya mchanga, na anayepenya anataka utelezi. Wazungu walimwandika vitabuni mwaka 1888 kwa jina la daktari wa Kihindi, Jayakar, aliyekuwa akifanya kazi Muscat na kukusanya viumbe wa pale. Waarabu walikuwa na jina lao, ad-dassas. Neno hilo nitalirudia.

Ndugu yake tunaye huku kwetu. Ukitoka Misri ukashuka Sudan, Ethiopia na Somalia, mpaka sehemu kame za Kenya na kaskazini ya Tanzania, utamkuta nyoka mnene mfupi wa mchangani, wa ukoo huohuo, asiye na sumu. Watu humuua wakidhani ni kipiri.

Na kule Namib, upande wa kusini wa bara letu, kuna kipiri mdogo mwenye macho juu ya kichwa vilevile, ingawa hana udugu wa karibu na yule wa Oman. Mvua kule ni nadra, lakini ukungu huja kutoka baharini. Ukungu ukitua juu ya mwili wake, anajilamba. Hiyo ndiyo chai yake ya asubuhi.

Sasa masikio. Nilisema nyoka ni kiziwi. Si kweli. Hana tundu la sikio wala ngoma ya sikio, hilo ni sawa. Lakini sikio la ndani analo, na limeunganishwa na taya kwa mfupa mwembamba. Anapolaza taya juu ya mchanga, hatua ya panya inautetemesha mchanga, mchanga unatetemesha taya, na habari inafika. Mwaka 2002 watafiti wawili, Young na Morain, walichapisha majaribio yao juu ya vipiri hawa wa Sahara. Waliwanyima kuona na kunusa, na bado nyoka waliojifukia waliweza kumlenga panya aliyepita juu. Mimi mwenye masikio mawili makubwa nilishindwa kumsikia mtu wa safu ya nne.

Na pembe? Rafiki yangu alikuwa sahihi. Nyoka hawana kope za kufumba. Macho yao yote yamefunikwa na gamba moja linaloona, kama kioo cha saa. Kwa hiyo hata asiye na pembe jicho lake halikuachwa wazi. Wako wanaosema pembe zinatia kivuli, wako wanaosema zinavunja umbo la kichwa ili asitambulike, wako wanaosema ni kweli zinazuia mchanga. Hawajaafikiana. Mimi kwa kurasa chache niliwaafikisha wote usiku mmoja.

Ndugu zangu, turudi katika Kitabu. Katika Sura Taha, aya ya 20, fimbo ya Nabii Musa (a.s.) inageuka nyoka anayekwenda mbio, na aya inayofuata anaambiwa amshike asiogope. Aya 30 mbele ya ile ya kwanza, ya 50, Firauni ameuliza Mola wenu ni nani, na Musa anajibu kwa maana hii: ni Yule aliyekipa kila kitu umbo lake, kisha akakiongoza. Umbo, kisha uongofu wa kulitumia. Kitoto cha kipiri kikitoka kwenye yai hakikai darasani. Kinajitikisa na kuzama mchangani. Magamba bila ujuzi wa kuyatikisa yasingekifaa kitu, na ujuzi bila magamba usingekifaa pia. Aya hii niliisoma siku ile, mkaitikia takbira.

Lakini sikuendelea mbele. Aya ya 51 Firauni anarusha swali jingine: na vizazi vya zamani je, hali yao ikoje? Ni swali la mtego, la kumtoa Musa kwenye hoja. Na huyu Musa aliyezungumzishwa na Mola wake hakutunga jibu. Maana ya aliyosema katika aya ya 52 ni kwamba elimu ya hao iko kwa Mola wangu, katika Kitabu, Naye hakosei wala hasahau. Soma tena, ndugu yangu. Mtume wa Mwenyezi Mungu, mbele ya adui, na watu wanatazama, anairudisha elimu kwa mwenyewe. Hakumwambia Firauni kwamba swali hilo limeletwa na shetani. Na Firauni alistahili kuambiwa hivyo kuliko mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyekuja na mswala wake.

Imepokewa kwamba Imam Malik (Mwenyezi Mungu amrehemu) aliulizwa maswali 48, na katika 32 akajibu sijui. Tunaihadithia sana habari hii sisi wa masomo ya dini. Tunaihadithia kuonyesha ukubwa wa Imam Malik.

Kuna hadithi katika Bukhari na Muslim ambayo nimeipita mara nyingi bila kusimama. Mtume (s.a.w.) ameeleza kwamba imani itajikusanya na kurudi Madina kama nyoka anavyorudi kwenye shimo lake. Tazama mfano aliouchagua. Hakutaja njiwa na kiota, wala ngamia na zizi. Baadhi ya wanavyuoni wameifafanua hivi: nyoka hutoka shimoni kutafuta riziki, kikimtisha kitu hurudi ndani. Basi shimo si gereza lake. Ni mahali anapopata usalama ili atoke tena. Nilipoisoma safari hii nilijiuliza: yule aliyetoka na swali lake, akatishwa, alikuwa na shimo gani la kurudi? Shimo lake lilipaswa kuwa msikiti, na aliyemtisha alikuwa amesimama ndani ya huo msikiti, kwenye mimbari ndogo ile ya mbao, na kanzu aliyoazima.

Na lile jina, ad-dassas. Maana yake ni mwenye kujipenyeza, mwenye kujifukia. Kitenzi chake, dassa, ni kusukuma kitu ndani ya kitu kwa kificho. Qur'ani inakitumia mahali pa kutisha, Sura An-Nahl aya ya 59, kwa yule mtu wa jahiliya aliyepewa habari ya kuzaliwa mtoto wa kike, akafikiri ambakishe kwa fedheha au amfukie udongoni. Na katika Sura Ash-Shams, aya ya 9 na ya 10, baada ya viapo vile vyote, tunaambiwa amefaulu aliyeitakasa nafsi, na amepata hasara mwenye kuifanyia kitu kinachoitwa dassaha. Wengi wetu tumezoea tafsiri ya kuiharibu nafsi. Wanavyuoni wengi wa lugha wamesema asili yake ni dassasaha, herufi ya mwisho ikageuzwa ili itamkike kwa wepesi, na maana yake ni kuifukia, kuificha, kuifanya dhalili.

Nyoka yule hujifukia akiwa hai, macho juu, ili aishi. Mtu huifukia nafsi yake kwa kuogopa kuonekana alivyo. Nilijifukia chini ya neno “shetani” ili isionekane kwamba sikusoma. Hiyo ndiyo dhambi yangu na sitaki kuipamba. Tena mwenye kuogopa aibu hafukii nafsi yake peke yake. Yule wa jahiliya aliona haya mbele za watu, akamfukia mtoto. Ninajua mfano huu ni mkubwa kuliko kosa langu. Lakini nilipoiona mizizi ya neno kwenye kamusi nilifunga kitabu nikatoka nje.

(Kabla mtu hajaniuliza: ndiyo, kuna hadithi sahihi za kuua nyoka, na kuna hadithi katika Muslim za kuwapa onyo siku tatu wale wa majumbani Madina. Nyoka mwenye kudhuru huuawa, na hukumu hiyo haijabadilika kwa sababu mimi nimeandika vizuri juu ya magamba yake. Hata pale Mina, nyoka alipotokeza masahaba wakiwa pangoni na Mtume (s.a.w.), waliamrishwa wamuue. Akawatoroka, na Mtume akasema kwa maana kwamba ameepushwa na shari yenu kama nyinyi mlivyoepushwa na yake. Yaani na sisi kwake tuna shari.)

Nilimfuata chumbani kwake siku ya Alhamisi. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Alifungua mlango, akaniambia, “Karibu, shehe,” bila kejeli, na hilo lilinibana zaidi. Nikamwambia nilikosea kuhusu pembe, nikakosea kuhusu masikio, na nilikukosea wewe mbele ya watu, basi nimekuja kukuomba msamaha. Akasema amesamehe. Akapika chai. Tukakaa.

Halafu akaniambia jambo ambalo amenikubalia kuliandika bila kumtaja jina. Alipokuwa na miaka 12, mdogo wake aliumwa na nyoka shambani. Walimfunga mguu kwa kamba, wakamchanja, wakampeleka kwanza kwa mganga. Walipofika hospitali ilikuwa imeshapita siku nzima. Hakupona. Yeye ndiyo sababu ya kusoma baiolojia, na nyoka anawajua kuliko wahadhiri wake wengine. Akaniambia, “Wewe ulisimama pale ukasema kila kitu cha nyoka tunajua ni cha nini. Sikutaka kukuuliza pembe. Nilitaka kukuuliza jino. Nikaanza na pembe kwa sababu ni rahisi.”

Kisha akanionyesha picha ya yule kipiri mdogo wa Sahara asiye na pembe. Amejifukia wote, ncha ya mkia tu iko nje, na anaichezesha kama funza. Mjusi anaona chakula, anakuja. Akaniuliza: “Mkia huu nao Mola ameupa umbo kisha akauongoza? Na mjusi je?”

Nilikuwa na majibu mengi ya kitabuni, na mengine ni ya kweli. Nilimwambia nilichokijua. Katika Sura Hud aya ya 6 hakuna kiumbe ardhini ila riziki yake iko juu ya Mwenyezi Mungu, na nyoka ni kiumbe, anakula. Katika Al-An'am aya ya 38 wanyama na ndege ni umma kama sisi, na watakusanywa kwa Mola wao, basi mjusi hajasahauliwa. Nikamkumbusha hadithi ya Abu Hurayra (r.a.) katika Muslim, kwamba Siku ya Kiyama haki zitarudishwa kwa wenyewe, hata kondoo asiye na pembe atalipiziwa kwa mwenye pembe. Tukatazamana kwa neno hilo pembe, akatabasamu. Mara ya kwanza tangu nifike.

Kuhusu mdogo wake nilikuwa na sentensi tayari juu ya subira. Ilifika mpaka ulimini. Nikainywa pamoja na chai. Nikamwambia, “Kwa nini yeye, na kwa nini siku ile, sijui.” Akasema, “Hata mimi.” Muadhini akaadhini Maghrib, tukatawadha kwenye karo la nje, na tukaswali humo chumbani, yeye akiwa imamu kwa sababu ni kwake.

Sasa huja msikitini, si kila siku. Alfajiri nikigeuka kutoa salamu mara nyingine namwona safu ya nyuma na jaketi lake la kijani. Simuulizi siku asizokuja alikuwa wapi. Wapo wengine kama yeye katika chuo hiki, nawajua wawili watatu, na nina hakika wapo nisiowajua: wamekaa kimya tu, wamefukia swali, macho juu, wanasikiliza mitetemo ya miguu yetu wajue kama ni salama kutoka. Ndugu zangu tunaotoa darsa, tunaoongoza halaka, dada zetu wa kamati ya kina mama, mtu akinyoosha mkono mbele yenu, tafadhali.

Ijumaa ya wiki ijayo baina ya Maghrib na Isha, in sha Allah, darsa itakuwa yake. Kamati imekubali. Atazungumza juu ya nyoka wa nchi zetu, sumu zao, na mtu akiumwa afanyweje: asifungwe kamba, asichanjwe, kiungo kitulizwe kisitikisike na apelekwe hospitali mara moja. Ameomba dakika 20 za maswali, na mimi nimepewa kazi ya kubeba projekta na kukaa safu ya nne.

Wallahu aalam.